Re: Re: Barua ya kazini imeandikwa "desultory". Ni onyo au?

Kutoka: Binti wa Pasua

Wapendwa, habari za asubuhi. Niko Moshi, mama amelazwa. Jana usiku HR wamenitumia barua kwa imeili kutoka kule Uingereza ninakotunza wazee (jina la nyumba halina umuhimu). Wanasema "your care notes have been desultory" na wanataka majibu kabla ya Ijumaa. Nimeshazoea "late", nimeshazoea "incomplete". Hili la leo hata kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS sijawahi kukutana nalo. Naomba kujua: wanasema sikufanya kazi, au sikuandika vizuri? Na barua ya namna hii inahesabika kuwa onyo rasmi? CoS yangu (cheti cha udhamini wa viza) iko mikononi mwao, usingizi umenipaa.

Kutoka: Kaka Leicester

Pole sana dada, Mungu amponye mama. Hilo neno maana yake ni kuchelewesha mambo. Na mimi niliandikiwa hivyohivyo na wakala mmoja, DBS yangu (ile karatasi ya kukaguliwa rekodi ya uhalifu) ilipochelewa. Wajibu kwamba intaneti ya jengoni ilikuwa mbovu, yataisha.

Kutoka: Mwalimu wa Rau

Hapana, kaka. Hilo unalolisema ni "dilatory", ni neno jingine kabisa. Usimponze mtoto wa watu akaomba radhi kwa kosa ambalo hakushtakiwa.

"Desultory" asili yake ni Kilatini. Desultor alikuwa mpanda farasi wa kwenye michezo ya Warumi, anaruka kutoka mgongo wa farasi huyu kwenda wa yule, wote wakiwa mbioni. Ndiyo maana linatumika kwa jambo linalorukaruka bila mpango: linashikwa, linaachwa, linashikwa tena. Mtu anayesoma kurasa mbili za kitabu hiki na tatu za kile, huo usomaji ni desultory. Mazungumzo ya watu wanaosubiri treni, leo hali ya hewa, mara bei ya mafuta, nayo ni hivyohivyo. Juhudi za nusunusu pia. Mara nyingi linasemwa kuhusu jambo lenyewe kuliko kuhusu mtu, kwa hiyo binti, hawajakuita mvivu wala mwongo. Mkazo unakaa mwanzoni, DE-sol-tri, na ile "o" ya mwisho wengi wanaimeza. Ukilitamka kwa mkazo wetu wa Kiswahili watabaki wanakutazama.

Tubandikie aya moja ya hizo noti zako, ondoa jina la mgonjwa.

Kutoka: Binti wa Pasua

Shikamoo Mwalimu. Hii ni ya shifti ya asubuhi, nimeigeuza Kiswahili:

"Amekula uji nusu bakuli. Binti yake amepiga simu, wameongea vizuri. Kisigino cha kushoto kina wekundu. Amekataa chai. Ameniambia jana usiku hakulala. Dawa zote amemeza. Kisigino nimekipaka krimu. Kabla ya uji nilimwogesha."

Kutoka: Mwalimu wa Rau

Marahaba. Umejionea mwenyewe? Kisigino kiko mahali pawili, na kuoga kumekuja mwisho wakati ndiko kulikotangulia. Kazi imefanyika yote, tena kwa moyo. Ila anayeingia zamu ya jioni inabidi aokoteze. Andika saa pembeni ya kila jambo na wekundu ukae sentensi moja na krimu.

Pamoja na hayo, aliyeandika ile barua alikuwa anajionyesha. Neno la vitabuni namna hiyo kwenye barua ya kazi, tena kwa mtu anayesubiri mkate wake, ni ufedhuli. "Disorganised" lingetosha. Kwenye majibu yako usilirudie, utaonekana unashindana nao.

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Tunashukuru kwa darasa, Mwalimu, lakini dada kauliza habari ya onyo. Dada, soma kichwa cha barua: kuna neno "disciplinary"? Wakikuita kikao cha nidhamu una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Usiende peke yako.

Kutoka: Kaka Leicester

Na wakimwachisha ana siku 60 tu za kupata mdhamini mwingine au kuondoka, tangu siku ya mwisho kazini.

Kutoka: Mama Wawili, Reading

SI tangu siku ya mwisho kazini. Ni tangu uhamiaji wamwandikie kwamba viza inakatwa, labda kama viza yenyewe inaisha kabla ya hapo. Tuache kuleta humu tunayoyasikia saluni. Na dada, kwa vile uko nyumbani, hesabu siku zako za ILR (kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo): siku za kuwa nje ya nchi zisizidi 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Ni miezi inayosogea, siyo Januari mpaka Desemba. Likizo ya kulipwa nayo imo. Mwaka wa msiba wa baba nilibaki nahesabu mihuri ya pasipoti jikoni usiku kama mhasibu.

Kutoka: Sakina hadi Minneapolis

Tatizo ni shule zetu. Miaka saba unasoma kwa Kiswahili, form one asubuhi unapokewa na "photosynthesis". Sera ya elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, na Kiingereza nacho kiendelee. Nionyesheni sekondari ya serikali pale Arusha inayofundisha fizikia kwa Kiswahili.

Kutoka: Mzee wa Kibosho

Wangekufundisha fizikia kwa Kiswahili ungekuwa Minneapolis wewe? Kaeni kimya kwanza mtuletee uraia pacha, hayo mengine baadaye.

Kutoka: Sakina hadi Minneapolis

Mzee, shikamoo, ila hayo hayahusiani. Binti wa Pasua, mlima unaonekana siku hizi?

Kutoka: Binti wa Pasua

Leo ulikuwa wazi mpaka saa tatu, Kibo yote nyeupe, ukajifunika. Mama ameomba mtori, amekunywa vijiko vinne.

Mama Wawili, kichwa cha barua kinasema "Letter of concern". Ukurasa wa pili uko kwenye mfumo wa kazini na huku haufunguki. "Concern" ni onyo?

Kutoka: Kaka Leicester

Vijiko vinne ni habari njema dada. Unarudi lini, unapitia KIA? Kama umebakiwa na kilo mbili tatu nilikuwa naomba kimea cha ulezi na kahawa ya kusaga, ndugu yangu atakuletea mpaka Mbuyuni.