Mdogo wangu anaenda mazoezi ya jeshi Norway msimu wa baridi, nimwambie nini?

DadaWaUmoja: Habarini wadau. Mdogo wangu yuko jeshi la Uingereza, na baada ya Krismasi wanapelekwa kaskazini mwa Norway, upande wa Bardufoss. Amenidokezea kwamba watatumbukizwa kwenye shimo la barafu. Mama ameshaenda Gikomba kumnunulia sweta tatu nzito. Sisi hapa Nairobi nyuzi 10 za Julai tu zinatushinda! Kuna aliyewahi kufika huko?

Fundi_Kayole: Mwambie arudi nyumbani.

MzeeBarafu: Nilienda mara mbili. Sasa nimestaafu, niko Ruai na kuku wangu. Sweta zikiwa za pamba, mama azivae mwenyewe. Pamba ikilowa jasho haikauki. Ndani huvaliwa sufu. Kosa letu sisi watu wa joto ni kujifunika mno. Unavuta sleji ya hema, kile kigari cha kuburuta kisicho na magurudumu, ukiwa kwenye skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, dakika kumi umelowa, halafu mkisimama jasho linaganda mgongoni. Aanze safari akisikia baridi, koti nzito alivae wakipumzika.

Shimo lisimtishe, ni dakika chache. Unaingia na skii miguuni na mzigo mgongoni. Kifua kinabana, pumzi inakatika. Mkufunzi anangoja utulie, utaje jina na namba yako, uombe ruhusa ya kutoka. Unasukuma mzigo mbele, unachoma barafu kwa ncha za fimbo za skii, unajivuta. Ukitoka unagaagaa kwenye theluji, maana theluji kavu inafyonza maji ya nguo. Mimi nilisahau namba yangu. Mkufunzi akaendelea kunywa chai.

Cha kuogopa ni miguu. Sisi wenye asili ya Afrika tunaumizwa na baridi upesi kuliko wazungu, na madaktari wa jeshi wanalijua hilo. Si lazima mguu ugande. Ukikaa na baridi na unyevu siku kadhaa, mishipa ya fahamu inaharibika. Tulifundishwa kuangaliana usoni tukitafuta doa jeupe, dalili kwamba ngozi inaanza kuganda. Langu halikuwa jeupe. Lilikuwa la kijivu, kama ngozi iliyokosa mafuta, na mwenzangu akalipita. Siku ya tatu vidole vya mguu vikafa ganzi, nikanyamaza nisionekane mnyonge. Hadi leo Julai ikifika navaa soksi mbili kwenda kulisha kuku. Akisikia ganzi aseme saa hiyo hiyo, hata wakimcheka.

DadaWaUmoja: Asante sana mzee. Na usiku wanalalaje?

MzeeBarafu: Hemani. Jiko likiwaka lazima mmoja akeshe, kwa ajili ya moto na ile hewa ya sumu. Chupa ya maji huwekwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, ili asubuhi mdomo wa chupa uwe wazi. Soksi mbichi analala nazo tumboni, zikauke kwa joto lake.

Kijana_wa_Ramani: Na maporomoko ya theluji? Mwaka 1986 pale Vassdalen yaliua askari 16 wa Norway wakiwa mazoezini.

MzeeBarafu: Ni kweli. Sisi kabla ya kukatiza mteremko tulikuwa tunachimba kwanza, tuone tabaka za theluji zimeshikana vipi. Lakini dada, hiyo usimsomee mama.

DadaWaUmoja: Nimechelewa, anasoma begani kwangu. Sweta mbili amekubali kuzirudisha. Ya tatu amekataa katakata.