Yule fundi laptop wa juu ghorofani leo kanidhalilisha mbele ya muuza karanga

Wakuu sina salamu ndefu. Natoka Kariakoo sasa hivi, niko kwenye daladala mikono inatetemeka, naandika kwa simu maana laptop ndo hivyo tena.

Jina simtaji, wote mnamjua, yule miwani inakaa kichwani mwaka mzima haijawahi kushuka machoni.

Nina ThinkPad T420, mashine ya 2011, imenisomesha mpaka nimemaliza chuo. Wai-fai ikaanza visa. Inashika, inakata, inashika, inakata. Ruta iko hapo mezani naweza hata kuilamba lakini laptop inasema haioni mtandao wowote, ila mtandao wa jirani wa nyumba ya tatu inauona!! Ukitaka itulie inua kioo nusu tu, ukifungua chote imekufa, juzi kikao cha Zoom nimekaa saa zima nachungulia kama mtu anaangalia wali umeiva au bado.

Nikampelekea. Akapiga window, yaani akaweka Windows upya, elfu 20. Ikarudia. Akapiga window tena, elfu 20 nyingine. Leo narudi mara ya tatu hata hajaigusa, kaniuliza kwa sauti ya mnadani "Kwani hii bibi yako alikuachia urithi?" Duka zima likaangua kicheko. Na muuza karanga akacheka. Muuza karanga wakuu! Nimetoka kumuungisha karanga za mia tano dakika mbili zilizopita, bado ziko mkononi zina moto, na chenji yangu hajanipa, ananicheka!

Elfu 40 nimesamehe. Ile ya karanga sisamehi.

Kibuyu Kikavu: Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Mzee wa Pasi: Tujibu kwanza, ni urithi au sio urithi?

Mleta uzi: Nimenunua kwa jasho langu 2016!!

Mzee wa Pasi: Yani uliinunua ikiwa tayari bibi.

Nyaya Mbili: Mkuu, kama inategemea kioo kimekaaje hilo sio suala la window, hata apige mara mia. Antena za hizo mashine ziko juu kwenye fremu ya kioo, waya zinashuka kupitia kwenye bawaba mpaka kwenye kadi ya wai-fai iliyo ndani. Funga fungua ya miaka yote hiyo, waya umechoka au umekatika. Au yeye alipofungua hakubana vile vichwa vidogo vya waya kwenye kadi. Kadi mpya usikimbilie, T420 ukiiwekea kadi ambayo mashine haiitambui inakutolea error 1802 inagoma kuwaka. Tafuta kile kidude cha wai-fai cha kuchomeka USB, maisha yaendelee.

Mleta uzi: Nimekuelewa mkuu, ila ungemuona alivyojishika mbavu. Na kikapu kakiweka chini ili acheke vizuri.

Dada wa Mbagala: Yangu ilikuwa inakata kila nikiiacha dakika kumi, nikaingia kwenye mipangilio nikatoa ile tiki inayoruhusu kompyuta izime kadi ya wai-fai kuokoa umeme, ikapona. Bure kabisa. Sasa fundi friji ndo mwizi, kanipa friji inayochemsha maji.

Kibuyu Kikavu: Dada hiyo sio friji ni jiko, mshukuru 😂

Shangazi Mtandaoni: Afadhali nyie wenye friji. Mimi fundi cherehani kanishonea gauni la harusi ya mdogo wangu, mkono mmoja umefika kwenye kiwiko mwingine umefika kwenye vidole, namuuliza ananiambia ndo fasheni.

Dada wa Mbagala: Usiniambie ni yule wa karibu na kituo.

Shangazi Mtandaoni: Huyohuyo.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, kuhusu karanga

Mzee wa Pasi: Yule mwenye futi shingoni? Suruali yangu anayo toka Ramadhani.