Mjadala: Kura za kikundi zimezunguka duara, tuwarudishe watu wajaze upya?

Katibu wa Mwaloni
Wadau, naomba mawazo. Kikundi chetu hapa Kibirizi, Kigoma, kina watu 15 na akiba inayotosha kitu kimoja tu: chanja mpya za kuanikia dagaa, choo cha mwaloni tunaposhushia samaki, au madeli makubwa ya barafu. Kukwepa kelele tukalinganisha viwili viwili, kila mtu na fomu yake. Chanja zimekishinda choo 10 kwa 5. Choo kimeyashinda madeli 10 kwa 5. Madeli nayo yamezishinda chanja, 10 kwa 5 vilevile! Mwenyekiti anataka watu wajaze upya mpaka majibu yanyooke. Mimi nakataa. Mnasemaje?

Fundi Hesabu
Mwenyekiti yuko sahihi. Kuna kipimo cha Saaty, Mmarekani wa miaka ya sabini. Unapima kitu kimoja ni bora mara ngapi kuliko kingine, kwa 1 hadi 9, halafu unakokotoa uwiano wa kujikanganya. Ukizidi 0.10 fomu inarudi kwa mwenyewe. Ukisema chanja ni mara 2 ya choo, na choo mara 3 ya madeli, basi chanja ziwe karibu mara 6 ya madeli. Ukiandika tena madeli ni bora kuliko chanja, umejikanganya. Na tuseme ukweli, akina mama wa chanja wengi hujaza kwa kuchungulia fomu ya jirani.

Mama Dagaa
Kuchungulia? Mdogo wangu, mimi saa kumi alfajiri niko mwaloni nangoja mitumbwi. Dagaa aliyeanikwa mchangani namjua kwa kumtafuna mmoja tu, meno yanasaga. Mteja anazamisha mkono hadi chini ya gunia, anapekecha vidole, akisikia mchanga anashusha bei na huna la kumjibu. Mtu anayelala na hesabu hiyo kichwani akachungulie fomu ya nani?

Mzee wa Gungu
Fundi, mwombe mama radhi kwanza. Hesabu itakungoja.

Fundi Hesabu
Shikamoo mzee. Sijamtukana mtu. Nimekaa vikao vya Ujiji, mkono mmoja ukipanda yote inapanda.

Mwana Ujiji
Ujiji imeingiaje hapa? Swali ni la Kibirizi. Huku kwetu watu wanabishana mpaka magharibi, hiyo mikono inayofuatana uliiona kwa nani?

Katibu wa Mwaloni
Jamani turudi. Jana usiku nimezipitia fomu zote 15. HAKUNA hata moja inayojikanganya. Watano wamepanga chanja, choo, madeli. Watano choo, madeli, chanja. Watano madeli, chanja, choo. Kila mmoja amenyooka. Duara limezaliwa tulipojumlisha. Sasa hiyo fomu nimrudishie nani?

Mwalimu wa Mwanga
Hapo katibu umemaliza. Condorcet, mwanahisabati wa Ufaransa, alilieleza hili mwaka 1785: kila mpiga kura ana mpangilio safi, wengi kwa pamoja wanazunguka. Kumrudishia fomu mtu aliyenyooka ni kumlazimisha abadili anachokitaka. (Saaty alizaliwa Mosul, Iraki, Marekani alikwenda baadaye.)

Njia ipo, Fundi hakuifikisha mwisho. Usiulize kipi bora tu, uliza ni bora mara ngapi. Lakini msijumlishe mkagawanya! Mmoja akisema chanja ni mara 4 ya choo, mwingine akasema ni robo, wastani wa kawaida unatoa 2 na ushee, kana kwamba wamekubaliana chanja. Zidisha, 4 kwa robo ni 1, kipeuo chake 1. Wametoshana, na ndivyo ilivyo. Kwa watu 15 unazidisha zote, unatoa kipeuo cha 15. Kama namba za kila mtu zimenyooka, na za kikundi zitanyooka. Duara halitokei.

Mama Dagaa
Mwalimu, nimekuelewa, lakini hapo anayejua kukuza mambo ataandika 9 kila mstari. Mimi niliyezoea kusema kweli nitaandika 2. Nani atashinda?

Mwalimu wa Mwanga
Ni kweli mama, hilo kipeuo hakiliponyi. Labda kila namba isemewe mbele ya wote kabla ya kuandikwa.

Mchuuzi wa Migebuka
Mnatusema sisi wa madeli? Migebuka bila barafu inaharibika kabla ya saa sita mchana. Hiyo ni 9 ya haki.

Mzee wa Gungu
Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, Mei 15 hadi Agosti 15, mngeweka nini kwenye madeli?

Mchuuzi wa Migebuka
Na chanja zingeanika nini, mzee?

Mwana Ujiji
Choo kingetumika.

Mama Dagaa
Choo mimi nilikiweka cha pili, na binti yangu anajua kwa nini. Alfajiri anabana hadi arudi nyumbani. Kama ni kusema mbele ya watu nitalisema hilo, mniandikie namba mnayoona inalingana.

Fundi Hesabu
Mama, hilo la kuchungulia nalifuta. Nisamehe. Ila bado nasema fomu zikaguliwe.

Mama Dagaa
Zikague. Jumapili nitakaa peke yangu kwenye mtumbwi uliopinduliwa pale, na kalamu yangu. Njoo ukae karibu uone naangalia wapi.