Ndege ikikutwa na hitilafu ikiwa Songwe, hatua zinakwendaje kabla ya kuruka?

Kijana_Mbalizi:
Wakuu, walio kwenye fani naomba ufafanuzi. Ndege imetua uwanja wa Songwe, Mbeya, kutoka Dar, abiria wa kurudi wameshapita ukaguzi, mara taa ya onyo inawaka chumba cha marubani. Fundi yupo mmoja, vipuri viko Dar. Najua kuna MEL, kile kitabu kinachoruhusu kuruka na baadhi ya vifaa vibovu. Nani ana kauli ya mwisho? Siku za kutengeneza zinahesabiwaje? Na kuzima-kuwasha mpaka taa ipotee, inaruhusiwa?

Fundi_Leseni:
Kila kitu kinaanzia kwenye daftari la kiufundi. Rubani anaandika onyo lilivyosomeka, neno kwa neno, na ndege ilikuwa inafanya nini wakati huo. Ukiandika "taa imewaka" basi, umemtesa fundi bure. Hitilafu ikishaingia daftarini, ndege haiondoki mpaka ifungwe kwa sahihi: ama imetengenezwa, ama imeahirishwa kwa MEL.

Kuahirisha si kufumba macho. Kila kipengele cha MEL kinasema ndege ina vifaa vingapi vya aina hiyo na vingapi lazima viwe vizima. Chenye herufi M kina kazi ya kufanywa kwanza, mfano kuifunga vali isije ikafunguka, au kuchomoa sakiti breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) na kuivisha kola, pete ya kuizuia isirudishwe. Chenye O ni utaratibu wa marubani. Kisha stika inabandikwa kwenye swichi husika na namba ya kipengele inaandikwa daftarini. Kiti kibovu au taa ya kusomea, hayo ni ya dakika chache. Ila kitu cha usalama ambacho hakimo kabisa kwenye MEL maana yake lazima kiwe kizima, usije ukadhani kimesahauliwa.

Siku: MEL inapanga vipengele kwa makundi ya muda wa kutengeneza. Kundi B ni siku 3, C ni 10, D ni 120, na A lina muda wake ulioandikwa palepale. Siku ya kugundua haihesabiwi. Hitilafu ya B ikigunduliwa Jumatatu, unaanza kuhesabu Jumanne, mwisho Alhamisi saa sita usiku.

Kuzima-kuwasha kunaruhusiwa pale tu kitabu kinapotoa utaratibu, na unaandika hata kama onyo limepotea. Usipoandika, kesho rubani mwingine anafanya hivyohivyo na hakuna anayejua kifaa kinakufa polepole. Sakiti breka ya pampu ya mafuta ikijikata, usiirudishe kabla chanzo hakijajulikana. Cheche karibu na mvuke wa mafuta si jambo la kujaribiwa.

Nduli_Ops:
Mkuu hapo juu kamaliza upande wa fundi. Kauli ya mwisho: MEL inaruhusu, hailazimishi. Fundi akishasaini, kapteni bado anaweza kukataa. Kipengele kikihitaji fundi naye asiposaini, kapteni hawezi kujiidhinishia.

Ila huku Nyanda za Juu swali gumu ni jingine: ukiruhusiwa kuondoka Dar na kibovu hicho, utaondokaje Songwe? Chukua APU, ile injini ndogo ya mkiani inayotoa hewa na umeme. Injini za A220, ile ndege ya jeti, zinawashwa kwa hewa, kwa hiyo APU ikifa unahitaji mashine ya hewa uwanjani, la sivyo injini moja inabaki ikizunguka muda wote. Hapo hujazi mafuta, ya kurudi uwe umeyabeba kutoka Dar. Q400, ile ya mapangaboi, inawashwa kwa umeme, haina shida hiyo.

Angalia pia hitilafu mbili kwa pamoja. Jenereta ya injini ikiahirishwa, kwa kawaida sharti ni ile ya APU ifanye kazi safari nzima. APU ikifa baada ya hapo, ndege inalala, hata kama kila kipengele peke yake kinaruhusiwa.

Kingine ni mwinuko. Songwe iko zaidi ya mita 1,300, hewa ni nyepesi. Joto likifika nyuzi 25, kipimo kikisoma kasi ileile, magurudumu yanakimbia karibu asilimia 10 zaidi kuliko usawa wa bahari kwenye hewa ya kawaida ya vitabuni, na nishati ya kumezwa na breki inapanda karibu asilimia 20. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukiwa mbovu, uzito unapunguzwa sana, na mizigo ya watu inabaki. Rada ya hali ya hewa nayo: hairuhusiwi kuwa mbovu kama njiani kunatabiriwa radi. Kwa mawingu ya Januari alasiri huku kwetu, kipengele hicho ni kama hakipo.

Kijana_Mbalizi:
Asanteni sana. Na taa ikiwaka ndege imeshaanza kutembea?

Nduli_Ops:
Ikishaanza kutembea kwa nguvu zake ili ikaruke, marubani wanafuata orodha ya hatua za hitilafu. Lakini kabla ya kupaa bado wanafungua MEL. Kipengele kikihitaji fundi, wanarudi maegeshoni. Wakiwa kwenye mbio za kupaa, kasi ikipita noti 80 au 100 kutegemea kampuni, wanasimamisha kwa machache tu: moto, injini kufa, au dalili kwamba ndege haitaruka salama. Onyo dogo wanapaa nalo, linaandikwa daftarini wakitua Dar.