Mrejesho: Turbo ya TD04 kwenye Starlet Glanza, imekubali ila klachi bado

Wakuu habari zenu, nilileta swali hapa la kutoa ile turbo ndogo ya CT9 kwenye Toyota Starlet Glanza yangu (injini 4E-FTE, cc 1,331) niweke TD04, turbo kubwa zaidi ya Subaru Impreza. Nimerudi kuwashukuru, mmenisaidia sana.

Nilifuata ushauri wa kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza, silinda zote nne zikatoka karibu sawa ndio fundi akaanza kufungua. Zikaingia nozeli kubwa na pampu ya mafuta, tukafunga geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, halafu kontroboksi (kompyuta ya injini) ikapangwa upya maana ile ya kiwandani busti (presha ya hewa ya turbo) ikizidi inakata mafuta, gari linashtuka kama limepigwa breki.

Yule aliyesisitiza bomba la kurudisha oili liwe nene na literemke moja kwa moja hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini), Mungu akubariki mkuu. Mwanzoni lilikuwa na kamkunjo kadogo tu, ekzosi ikatoa moshi wa bluu mpaka fundi akasema sili za turbo zimekufa, kulinyoosha tu moshi ukaisha.

Ambacho hakijakaa sawa: chini ya mizunguko 3,000 hivi ya injini kwa dakika gari limekuwa zito kuliko zamani, na klachi ya kiwandani inateleza gia ya nne ukikanyaga, kwa hiyo busti nimeishusha mpaka nipate klachi ngumu. Anayepanga kazi hii hela ya klachi aiweke pembeni kabisa kabla hajanunua turbo.