Naomba ushauri: majina ya Kilatini kwenye chati ya ubongo

Wakuu, tunaandaa chati ya ubongo kwa wanafunzi wa utabibu hapa Mwanza, pamoja na ubongo wa mbuzi wa kuuweka kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia), sehemu 1 kwa maji 9. Kinachokwamisha ni majina.

Kwa Warumi, cerebrum lilikuwa ubongo tu, wote. Mzizi wake ni wa kale sana, wa kichwa na pembe, ndugu wa cornu, yaani pembe. Siku hizi anatomia imelibana kwenye sehemu kubwa ya juu, yenye nusu mbili. Ubongo mzima ukawa encephalon, la Kigiriki: en ni ndani, kephale ni kichwa. Cerebellum, sehemu ya nyuma chini, kisogoni, ni cerebrum lenye kiambishi cha udogo, ingawa udogo huo usidharauliwe: ni takribani asilimia 10 ya ujazo wa ubongo, lakini imebeba zaidi ya nusu ya niuroni (seli za neva) zote za ubongo.

Sasa, mwanafunzi akisoma "ubongo mkubwa", yaani cerebrum kwa Kiswahili, anadhani ni ubongo wote. Tuandike hivyo hivyo, au serebramu na serebelamu?

Na wenye uzoefu wa buchani: shoka likipita kisogoni, cerebellum inasagika. Mnamwelekeza muuzaji apasue wapi?