Kalenda ya ofisi imevurugwa, safari za Julai hazionekani. Naomba ushauri

Binti_Njoro:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, ofisi ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Buking zote tunaziweka kwenye kalenda moja ya Google tunayoitumia watu sita: nani anaingia geti la Machame tarehe ngapi, nani anapokelewa KIA (uwanja wa ndege) saa ngapi, mwongozaji ni yupi, wagumu (wapagazi) wangapi.

Jana mwenzetu mpya aliagizwa asafishe safari za mwaka jana. Ile ya kupeleka wagumu getini, inayojirudia kila Jumatatu, ilipomuuliza afute hii moja au zote, akachagua zote. Kisha akafuta nyingine nyingi za mbele, na chache akazivuta kwa kipanya zikahamia siku nyingine. Leo asubuhi Julai ni nyeupe. Safari ya njia ya Lemosho ya siku nane, wageni saba, haipo! Nilidhani kwenye simu yangu zitakuwa zimebaki, kumbe nako zimeondoka.

Kijana amelia sana. Sitaki afukuzwe, maana hakuna aliyemwelekeza. Nina faili la ICS (nakala ya kalenda) nililopakua mwezi wa tatu. Niliingize humo humo?

FundiWaSoweto:
Pole sana dada. Hilo faili usiliguse kwanza. Fungua kalenda kwenye kompyuta, bonyeza alama ya gia, ingia kwenye Tupio, chagua hiyo kalenda ya ofisi. Vilivyofutwa hukaa humo takriban siku 30. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuvirudisha. Waambie wenzako wote wasimwage Tupio na wasiandike kitu mpaka umalize.

Kuhusu simu: ile ni kalenda ileile inayoonekana mahali pengine. Ukifuta hapa, ufutaji unasafiri hadi huko. Watu wengi wanadhani kusawazisha ndiyo bakapu, na ndivyo wanavyoumia.

Mzee wa Ngarenaro:
Naongezea hapo. Tupio linarudisha kilichofutwa tu. Safari iliyovutwa ikahama siku haijafutwa, kwa hiyo hutaikuta humo, na kalenda haikutunzii toleo la jana. Hizo ndizo za kuogopa, maana zinaonekana nzima. Kama ofisi mnalipia Google Workspace, msimamizi wenu anaweza kufungua kumbukumbu za matukio ya kalenda akaona nani alibadilisha nini na lini. Kama mnatumia akaunti ya bure, kaa na barua pepe za wageni ulinganishe moja moja.

Binti_Njoro:
Mungu awabariki. Lemosho imerudi, na za Jumatatu zimerudi zote. Akaunti ni ya bure. Nimeanza kulinganisha na tayari nimekuta safari moja ya njia ya Marangu imesogea siku moja mbele. Vibanda vya Marangu hulipiwa kwa tarehe, ningepeleka watu wakakuta hawana pa kulala. Faili la mwezi wa tatu linaweza kunisaidia hapa?

FundiWaSoweto:
Linasaidia sana, ila tengeneza kalenda mpya tupu, uipe jina kama "Ukaguzi", uliingize humo. Weka rangi tofauti, washa zote mbili, utaona tarehe zinapopishana. Ukiliingiza kwenye kalenda ya kazi, ya zamani yatachanganyika na mliyobadilisha kihalali tangu Machi. Pia ukiingiza faili, orodha ya walioalikwa haiji nayo.

Na ukilifungua faili lenyewe kama maandishi, saa yenye herufi Z mwishoni ni ya UTC (saa ya kimataifa), ongeza saa tatu. 05:00 humo ni 08:00 yetu, yaani saa mbili asubuhi.

MamaBuking:
Hapo kwenye saa, dada, kagua na za KIA. Kwetu Arusha mtu aliambiwa "saa mbili asubuhi", akaandika 2:00. Dereva alifika uwanjani usiku wa manane.

Halafu punguzeni ruhusa. Watu sita wote wa kuhariri wa nini? Kwetu wawili tu wanahariri, wengine wanaona. Kila Ijumaa kabla ya kufunga, mmoja anapakua faili la ICS kwa kompyuta, analipa jina lenye tarehe, anaweka kwenye flashi inayokaa kwa mhasibu. Anayepakua awe na ruhusa ya kusimamia ushirikishaji, vinginevyo hataweza. Na mwambie huyo kijana: kuondoa kalenda kwenye orodha yako ni jambo moja, kuifuta kalenda nzima ni jingine. Ya pili inawaondolea wote.

Binti_Njoro:
Nimemaliza saa nne hii usiku. Zilizohama zilikuwa tatu: Marangu ile, Rongai moja, na mapokezi ya KIA. Kijana ndiye aliyekuwa ananisomea tarehe kwenye barua pepe, mimi narekebisha. Bosi amekubali abaki, na Ijumaa yeye ndiye atakayepakua faili, mimi nikiwa pembeni yake.